Kabla ya kusaini mkopo wa dola: ya kukagua Kariakoo na Hazina

Mkopo wa dola huonekana mtamu siku ya kusaini. Riba yake mara nyingi iko chini kuliko ya mkopo wa shilingi, na mzigo unaosubiri kulipiwa China una tarehe zake. Ndiyo maana ukaguzi ufanyike mapema, wakati bado una nguvu ya kusema hapana. Maswali anayopaswa kujiuliza mfanyabiashara wa Kariakoo ndiyo yaleyale ambayo wananchi tunapaswa kuiuliza serikali kila inapokwenda kukopa nje.

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kulinganisha sarafu ya deni na sarafu ya mapato. Chukua mtu aliyekopa dola 50,000 mwanzoni mwa 2022, dola ikiwa karibu shilingi 2,300. Deni lake lilikuwa kama shilingi milioni 115. Katika nusu ya pili ya 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na deni lilelile, kabla hujahesabu riba, likawa milioni 135. Wateja wake wa Mbagala na Gongo la Mboto wanalipa kwa shilingi, dukani hakuna kilichoongezeka, lakini milioni 20 zimezaliwa. Mwisho wa mwaka huo dola ilirudi chini ya 2,500. Aliyekuwa na rejesho kabla ya hapo alikwishalipa kwa bei ya siku yake. Tena kipindi kile bei ilikuwa nusu tu ya taabu: mtu alikuwa na shilingi zake kamili na bado anaambiwa asubiri, dola hazipo.

Kwa hiyo piga hesabu ya rejesho kwa bei ya leo, kisha ipige tena dola ikiwa imepanda kwa asilimia 20. Hesabu ya pili ikikushinda, mkopo huo haukufai, hata riba yake iwe ndogo namna gani.

Makampuni ya Thailand hayakuipiga hesabu hiyo. Kwa miaka mingi dola ilikuwa kama baht 25, na kila mtu akaamini itabaki hapo. Wakakopa dola, wakajenga Bangkok majengo ambayo wapangaji wake wangelipa kwa baht. Tarehe 2 Julai 1997 serikali ilishindwa kuendelea kuilinda sarafu yake, na kufikia Januari 1998 dola moja ilikuwa zaidi ya baht 50. Madeni yakawa maradufu bila mtu kukopa tena. Hofu ikasambaa hadi Indonesia, ambako Suharto, aliyetawala zaidi ya miaka 30, alijiuzulu Mei 1998. Linaloniuma katika historia hiyo ni kwamba vibarua waliokosa kazi hawakuwahi kukopa hata dola moja.

Swali la pili: fedha iliyoingia nchini inaweza kuondoka kwa kasi gani? Mwekezaji aliyejenga kiwanda Kibaha hawezi kukibeba akaondoka nacho. Aliyenunua hati fungani, yaani karatasi za deni ambazo serikali au kampuni huuza ili kukopa, au hisa anaweza kuuza na kuondoka ndani ya siku chache, na wakiondoka wengi kwa pamoja wote wanatafuta dola zilezile unazozitafuta wewe. Tanzania imeufungua mlango huu polepole: ni mwaka 2014 ndipo wakazi wa nchi nyingine za Afrika Mashariki waliporuhusiwa kununua hati fungani za serikali yetu. Wapo wanaouona mwendo huo kuwa wa kujichelewesha. Mimi nauunga mkono. Malaysia, iliyokuwa wazi zaidi, ililazimika kuufunga mlango Septemba 1998 wakati fedha zilikuwa zimekwishatoka kwa wingi.

Kisha angalia tarehe. Kuna deni unalolipa kidogo kidogo, na kuna deni ambalo mtaji wake wote unadaiwa siku moja. Jirani zetu Kenya walikuwa na hati fungani ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, yenye riba ya asilimia 6.875, iliyoiva, yaani iliyofika siku ya kulipwa, Juni 2024. Miezi kabla ya siku hiyo wasiwasi pekee ulitosha kuisukuma shilingi yao hadi karibu 160 kwa dola. Februari 2024 walifanikiwa kukopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kulipa sehemu kubwa ya deni la zamani, safari hii kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, na shilingi yao ikapata nafuu. Zambia hawakupata pa kukopa. Novemba 2020 walishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, na mazungumzo na wadai yakachukua miaka. Ukisikia serikali inataka kukopa kwa mtindo huu, uliza inaiva lini, na mwaka huo kuna madeni gani mengine yanayoiva.

Riba inayopanda na kushuka nayo isomwe vizuri kwenye mkataba. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na riba karibu na sifuri mwanzoni mwa Machi 2022. Julai 2023 ilikuwa imefika kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Uamuzi ule ulifanywa kwa ajili ya bei za vitu kule kwao, lakini ulimfikia kila mwenye mkopo wa dola uliofungamanishwa na riba zao.

Kuhusu akiba ya fedha za kigeni, lengo letu ni itoshe kuagiza bidhaa na huduma kwa angalau miezi 4, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka miezi 4.5. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imekuwa ikinunua dhahabu ya ndani kuikuza akiba hiyo, jambo jema. Kanuni za Machi 2025 zilizopiga marufuku kutoza bei kwa fedha za kigeni nchini zimewasaidia wapangaji wa fremu waliokuwa wakidaiwa kodi kwa dola. Mkopo wako wa dola haukubadilika kuwa wa shilingi kwa sababu hiyo.

Takwimu za kukaguliwa zipo wazi. BoT hutoa taarifa ya uchumi kila mwezi, inapatikana kwenye tovuti yake. Nenda moja kwa moja kwenye deni la nje, kwenye jedwali la mgawanyo kwa sarafu, ambako dola ya Marekani huchukua takribani theluthi mbili. Linganisha na mauzo yetu ya nje: dhahabu, utalii, korosho, mizigo ya nchi jirani inayopita bandarini. Fanya hivyo kabla ya bajeti kusomwa Juni, na mbunge wako akikwambia deni ni himilivu, yaani linabebeka, muulize ni himilivu dola ikiwa shilingi ngapi.