Jinsi ya kuitazama chemchemi ya Gabo

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, kwa hiyo sanamu ya chuma naitazama kama mtu anayejua tabu ya kukunja bati nene. Ukiwa London, vuka daraja la Westminster uingie bustani ya hospitali ya St Thomas', mkabala na Bunge. Pale ipo Revolving Torsion, chemchemi ya chuma cha pua ya Naum Gabo, mzaliwa wa Urusi aliyepitia masomo ya uhandisi Munich.

Usianze kwa kuuliza inafanana na nini. Mmoja atakwambia ua, mwingine pangaboi, na akishapata jina anageuka kupiga picha ya Big Ben. Wewe chagua ukingo mmoja wa bati tu. Ufuate kwa macho tangu chini, uone unavyopinda na kupotea nyuma ya mwenzake. Halafu simama papo hapo. Sanamu nyingine huwa tunazizunguka. Hii inajizungusha yenyewe, polepole, na ukingo wako utarudi ukiwa na umbo jingine.

Sasa tazama maji. Vijito vyembamba vinaruka kwa safu na kuchora nyuso mpya mahali pasipo na chuma hata kidogo. Hapo ndipo penye ujanja wote. Mwaka 1920, Moscow, Gabo na kaka yake Antoine Pevsner walibandika ilani mitaani wakikataa kwamba sanamu lazima iwe bonge. Walitaka nafasi tupu nayo ihesabiwe kama malighafi.

Kama hujashawishika, jaribu nyumbani. Kata vipande viwili vya boksi, vya mraba, chana kila kimoja hadi katikati, uvipachike vikatane. Umepata kitu chenye urefu, upana na kina, na ndani yake unaona kila kitu. Tofali haliwezi hivyo.

Kinachonigusa mimi ni subira. Umbo hili Gabo alilianza kwa modeli ndogo za plastiki miaka ya 1920 mwishoni. Chuma kikaja miaka ya 1970, mzee ameshapita themanini. Wateja wangu wakicheleweshewa geti wiki mbili wanapiga simu usiku.

Siku ukikuta maji yamefungwa, usiondoke. Ndiyo nafasi ya kukagua maungio, na mimi huanzia hapo kila mara.