Kusimamisha antena ya mita 20 kileleni

Katika SOTA (Summits on the Air), mpango wa redio za ridhaa wa kuwasiliana kutoka vilele vya milima ulioanza Uingereza mwaka 2002, mawasiliano 4 na vituo tofauti yanatosha kukupa pointi za kilele. Umeme wa gari hauruhusiwi; beba betri ndogo ya lithiamu.

Kwa 14.2 MHz, iliyo katika bendi ya mita 20 (urefu wa wimbi, si wa antena), kata nyaya mbili za mita 5.2. Urefu sahihi ni kama mita 5.03, ziada ni ya kurekebishia. Simamisha fimbo ya kuvulia ya mita 6, isiwe ya kaboni kwani hupitisha umeme, uikaze kwa kamba 3. Shusha nyaya pande mbili kutoka juu ya fimbo, pembe ya juu isipungue nyuzi 90. Ncha zikigusa majani mabichi, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; ikiwa ndogo ni nzuri) hupanda na redio hupunguza nguvu. SWR ikiwa nzuri zaidi kwenye masafa (MHz) ya chini kuliko yako, nyaya ni ndefu: kunja sentimita 2 kila upande, pima tena. Radi ikinguruma, zima redio ushuke mara moja.