Kuchagua pampu ya kiwandani: anza na kimiminika

Mtu akiniuliza anunue pampu gani, swali langu la kwanza ni hili: unasukuma nini? Pampu nyingi nilizofungua zikiwa zimekufa mapema hazikuwa mbovu. Zilipewa kazi isiyo yao.

Hatua ya 1: Kijue kimiminika. Ni chepesi kama maji au kizito kama molasi? Kina mchanga au nyuzi? Kinakula chuma? Kina joto gani? Andika majibu kabla ya kufungua katalogi yoyote.

Hatua ya 2: Chagua ukoo. Kuna koo mbili kubwa. Katika pampu ya sentrifugali, impela (gurudumu lenye mapanga) huzunguka na kurusha kimiminika pembeni, kisha mwendo ule hugeuka presha ndani ya kava. Hii ndiyo ya maji ya kupoozea, ya kuoshea na ya zimamoto. Ukipanga impela kadhaa kwenye shafti moja, presha hupanda hata kutosha kulisha boila. Ila kimiminika kikiwa na mnato mkubwa, pampu hii hulegea.

Ukoo wa pili ni pampu za ujazo, ambazo kila mzunguko hubeba kiasi kilekile. Ya giya ni ya mafuta, tena mafuta safi, maana mchanga kidogo tu hula meno. Kwa tope na uji mzito napendelea ya skrubu, yenye rota ya chuma (sehemu inayozunguka) ndani ya stata ya mpira (ganda lisilozunguka), lakini usiizungushe kavu kwa sababu mpira huungua upesi. Ya diaframu, yaani utando unaokwenda na kurudi, inayoendeshwa kwa hewa hufaa kwa kemikali na huvumilia kukauka. Ya plunja, yaani fimbo inayosukuma ndani ya silinda, ni ya presha kubwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuseme unataka mita za ujazo 20 za maji kwa saa. Kutoka usawa wa maji hadi tangi ni mita 18, msuguano wa mabomba ni sawa na mita 4, na juu unahitaji presha ya bar 1, ambayo ni kama kimo cha maji cha mita 10. Jumla mita 32. Nguvu inayoingia kwenye maji ni takriban kilowati 1.75. Pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 60, shafti inahitaji kama kilowati 2.9. Mota ya 3 itakuwa imebanwa mno. Mimi ningefunga ya 4.

Hatua ya 4: Kagua upande wa kufyonza. Hapa tulia, maana ndipo wengi wanapokosea. Pampu haivuti maji: inapunguza presha mdomoni mwake, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma yapande. Kwenye usawa wa bahari hewa haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10.3 hivi, na kwa maji baridi mimi sivuki 6. Maji ya moto hupunguza kimo hicho, kwa kuwa hugeuka mvuke kwa urahisi. Presha ikipungua mno, mapovu ya mvuke huzuka kwenye jicho la impela, pale katikati maji yanapoingilia, kisha hupasuka na kumong'onyoa chuma. Utasikia kama kokoto zinazunguka ndani. Dawa ni bomba la kufyonza fupi, nene, lenye kona chache, na pampu kushushwa karibu na maji. Kubana koki ya kufyonza huzidisha maradhi.

Hatua ya 5: Washa kwa utaratibu wa ukoo wake. Sentrifugali ya kawaida ijaze maji, toa hewa, fungua yote koki ya kufyonza, acha ya kutoa ikiwa wazi kidogo tu, washa, kisha ifungue taratibu. Hivyo mota haibebi mzigo mzito mwanzoni. Thibitisha pia upande wa mzunguko. Hata ikizunguka kinyume hutoa maji kiasi, na hapo hudanganya.

Pampu ya ujazo ni kinyume kabisa. Koki ya kutoa iwe wazi kabla ya kuwasha, na valvu ya usalama ni lazima. Nilipokuwa mgeni kazini niliwasha ya giya koki ikiwa imefungwa, kwa mazoea ya pampu za maji. Gasketi ilipasuka na mafuta ya moto yakaruka hadi darini. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mkono wangu hugusa koki kabla ya swichi.

Pampu ikishatulia, andika presha ya pande zote mbili na ampea za mota kwenye kadi, uining'inize hapohapo. Siku ikianza kuchoka, namba hizo ndizo utakazolinganisha nazo.