AC ya chumba kidogo: usikimbilie 18,000

Ukienda Kariakoo kuulizia AC ya chumba cha kulala, muuzaji atakwambia "chukua ya BTU 18,000 bosi, inapoza fasta." (BTU ni kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza.) Kupoza itapoza, ila kwa joto la Dar unyevu ndio unaokutesa, na AC huukausha ikiwa inafanya kazi mfululizo. Kubwa kupita kiasi hufikia nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache, inazima, inawaka tena. Chumba kinakuwa baridi huku shuka zina majimaji. Mimi niliishi na hali hiyo msimu mzima, nikidhani gesi imepungua!

Pima chumba kwa futi, zidisha urefu kwa upana, kisha zidisha kwa 60 hivi. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinatoa BTU 7,200, kwa hiyo ya 9,000 inatosha kabisa. Kama dirisha linapigwa na jua la jioni, au juu ni bati tupu bila dari, hapo nenda 12,000. Kwanza ziba upenyo chini ya mlango, maana hewa ya moto inapita hapo usiku kucha. Ukipata ya inverter, chukua hiyo; hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka.