Umechukua Aqua au Prius bandarini? Pitia hivi kabla hujamuita fundi

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar. Hizi haibridi za Japani, yaani gari zenye injini ya petroli na mota ya umeme, zikishatoka bandarini, simu nyingi ninazopigiwa wiki ya kwanza hazihusu ubovu kabisa, gari ni zima, ila mwenye gari kazoea kutekenya funguo na kusikia injini. Inaniuma nikikuta mtu kalipia kupimiwa gari kwenye mashine kwa kitu cha kumaliza mwenyewe pale pale.

Hatua ya 1: Kuwasha na kuzima
Kanyaga breki mpaka ishike, bonyeza Power mara moja, angalia dashibodi. Ikiandika READY gari imeshawaka, usisubiri muungurumo. Hapa ndo vituko vinaanzia, kuna jamaa Tabata kabonyeza hakusikia kitu, kabonyeza tena ikazima, kabonyeza tena, mwishowe kaita vijana wa mtaani wasukume, kumbe safari hii iko READY, kaweka D ikaondoka kimya kimya ikawaacha vijana wameinama mikono hewani.

Ukibonyeza bila breki utapata redio na taa tu, gari haiendi, na ukiiacha hivyo betri ndogo ya 12V inakwisha. Na ukishuka hakikisha umezima Power kweli. Ukiiacha READY, betri kubwa inayoendesha mota ikipungua chaji injini inajiwasha yenyewe usiku, mlinzi anapiga filimbi ya mwizi na ndani ya gari hamna mtu.

Hatua ya 2: Gia
R ndo rivasi. B sio "back" jamani! B inaenda mbele kama D, kazi yake ni kuzuia mwendo kwenye mteremko mrefu, mfano unashuka Kitonga na hutaki breki zichemke. Nimeshaona geti lililobondwa na mtu aliyeweka B akageuza shingo nyuma akakanyaga mafuta.

Hatua ya 3: Rimoti ikiisha betri
Usivunje kioo. Pembeni ya rimoti kuna kaloki kadogo, kasogeze, inachomoka funguo ya chuma, fungulia mlango wa dereva. Kisha kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe cha Power, ikilia bonyeza Power hapo hapo. Betri mpya usinunue kwa kubahatisha, fungua rimoti usome namba, nyingi ni CR2032 au CR1632.

Hatua ya 4: Dada wa Kijapani
Huyu ni sauti ya kike iliyorekodiwa ndani ya gari, anaongea ukiwasha tu, na watu wanamuogopa kuliko taa ya injini, kuna mzee alikuwa anazima gari kila dada akifungua mdomo, akijua anaambiwa inachemsha. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijawekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kulipia za kwao Japani, basi. Zima gari, tafuta kaboksi keusi kenye tundu la kadi, mara nyingi kako chini ya usukani au ndani ya droo ya dashibodi. Fuata waya wake, bonyeza kishikizo cha soketi uchomoe, usikate. Soketi ifunge na solotepu isigongegonge, washa usikilize. Kama bado anaongea ujue anayeongea ni redio ya navigesheni, hiyo punguza sauti kwenye seting zake.