Ulichukua uraia wa nje kabla ya 2010? Jinsi ya kuwa Mkenya tena

Mtu anaweza kukaa Minnesota miaka 30, akachangia kila harambee ya kwao Kisii, na bado kisheria akawa mgeni nyumbani. Katiba ya zamani ilimwondolea uraia mtu mzima wa miaka 21 na zaidi aliyechukua uraia mwingine kwa hiari yake. Uraia ulikoma wenyewe, hivyo wengine hawajui hadi leo.

Anza na tarehe ya kiapo kwenye cheti chako cha uraia wa nje. Ikiwa uliapa baada ya 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipoanza kutumika, na wewe ni Mkenya wa kuzaliwa, hukupoteza kitu. Unachodaiwa ni kutangaza uraia pacha ndani ya miezi 3. Kunyamaza ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Ikiwa uliapa kabla, Kifungu 14(5) cha Katiba kinakupa haki ya kuurejesha, ila lazima uombe.

Ombi huenda Idara ya Uhamiaji na linataka ushahidi wa pande mbili: kwamba ulikuwa Mkenya (cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, au pasipoti ya zamani hata kama imeisha) na kwamba sasa ni raia wa kwingine. Kinachokwamisha hapa ni majina. Cheti kinasema Kemunto, pasipoti ya Marekani ina jina la mume tu. Ambatisha cheti cha ndoa au hati ya kiapo mapema, usingoje kuulizwa.

Usikimbilie pasipoti. Pata cheti cha kurejeshewa uraia, kisha kitambulisho, ndipo uombe pasipoti. Shamba la urithi nalo lisubiri cheti hicho: asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99.

Mtoto aliyezaliwa nje kabla ya tarehe ile ya 2010 ni raia ikiwa mzazi mmoja ni Mkenya au aliwahi kuwa. Aliyezaliwa baadaye, mzazi akiwa bado hajarejeshewa, ana kesi ngumu zaidi, muone wakili.

Ukisafiri, beba pasipoti zote mbili. Marekani humtaka raia wake aingie na kutoka kwa pasipoti ya Marekani. Nairobi, toa ya Kenya.