Kutia Bakteria Rangi kwa Njia ya Gram: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Njia ya Gram, inayogawa bakteria katika makundi mawili kwa rangi na iliyochapishwa mwaka 1884 na daktari Mdenmark Hans Christian Gram alipokuwa akifanya kazi Berlin, huchukua dakika chache tu, lakini sekunde zinazoamua jibu hazizidi 20. Nyingi ya slaidi mbaya ninazoletewa ama zimepakwa bakteria wengi kupita kiasi, ama zimeharibikia kwenye spiriti.

Vaa koti la maabara na glavu, kisha andika alama kwenye slaidi kwa penseli, kwa kuwa wino wa kawaida utafutwa na spiriti. Weka tone dogo la maji safi, choma kitanzi cha waya hadi kiwe chekundu, kiache kipoe, ndipo uguse koloni (kundi la bakteria walioota pamoja) kidogo sana na kuisambaza ndani ya tone. Utando huo wa bakteria ukikauka unapaswa kuwa mwembamba kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya gazeti kupitia kwake. Uache ukauke wenyewe kabla ya kuupitisha juu ya mwali mara tatu, upande wenye bakteria ukiwa juu. Slaidi ikigusishwa mgongo wa mkono iwe ya uvuguvugu, isiunguze.

Funika utando kwa kristali vayoleti, rangi ya zambarau, kwa dakika moja, suuza kwa maji, kisha weka iodini kwa dakika moja nyingine na usuuze tena. Iodini huungana na rangi ile ya zambarau na kufanya chembe kubwa zaidi ndani ya seli. Kufikia hapa bakteria wote ni wa zambarau.

Sasa inamisha slaidi na udondoshe spiriti ya asilimia 95 tone baada ya tone, macho yakiwa kwenye kile kinachotiririka wala si kwenye saa. Mara tu rangi inapokaribia kwisha katika matone yanayoanguka, kwa kawaida baada ya sekunde 10 hadi 20, suuza kwa maji papo hapo. Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglikani (kemikali inayojenga ukuta wa seli zao) hubaki na zambarau yao, kwa sababu spiriti hukausha ukuta huo na kuubana; wale wenye ukuta mwembamba hupoteza utando wao wa nje wenye mafuta, na rangi ikawatoka. Ukizidisha spiriti, hata wa kundi la kwanza watapauka. Malizia kwa safranini, rangi ya waridi, kwa dakika moja, suuza, na ukaushe kwa kugandamiza karatasi bila kusugua.

Tazama kwa lenzi ya mara 100 ukitumia mafuta ya hadubini. Gram chanya, yaani wenye ukuta mnene, huonekana zambarau; Gram hasi, wenye ukuta mwembamba, waridi.

Mimi hudai kila slaidi iwe na tando tatu: Staphylococcus aureus (Gram chanya) upande mmoja, Escherichia coli (Gram hasi) upande wa pili, na sampuli katikati. Staphylococcus ikitoka waridi, usiandike lolote kuhusu sampuli. Rudia kazi, tena kwa bakteria walioota kwa saa 18 hadi 24, kwa maana seli zilizozeeka huachia zambarau hata pale mkono wako ulipokuwa hauna kosa.